Alama ya Sinema Si Hirizi



Wasomaji wangu wapenzi, akina mama na akina baba, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Ni kosa la mzee aliyeiamini herufi moja kuliko macho yake, na aliyelilipia ni mtoto mdogo asiye na hatia.

Ilikuwa likizo ya Aprili, miaka kadhaa iliyopita. Binti yangu alikwenda kumuuguza mama mkwe wake, akaniachia watoto wake watatu. Mkubwa alikuwa na miaka kumi, na mdogo ndiyo kwanza ametimiza mitano. Siku ya tatu mvua ilinyesha kutwa. Watoto wakaichoka nyumba, na nyumba ikawachoka watoto. Nikakumbuka diski niliyoinunua mjini: picha za kuchora, hadithi ya sungura wanaotafuta makao mapya. Juu ya jalada lake palikuwa na pembetatu ya kijani yenye herufi U. Muuza duka alikuwa ameniambia, "Hii ni ya watoto wote, shehe. Tazama alama yake." Nikaitazama alama, nikatosheka. Nikawawashia, nikashika njia ya msikitini kuswali Alasiri.

Niliporudi, wale wawili wakubwa walikuwa wamekaa kimya, macho yamewatoka. Yule mdogo hakuwapo kitini. Nilimkuta nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, amejiziba masikio kwa viganja vyake. Usiku ule aliamka mara tatu. "Babu," akaniambia huku akitetemeka, "lile shamba limejaa damu." Wiki nzima hakulala ila taa ikiwaka.

Mama yake aliporudi alisikiliza kisa chote, wala hakunipandishia sauti. Aliniambia neno moja tu: "Baba, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba uji wa mtoto huonjwa kwanza na mtu mzima. Huu hukuuonja?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile lilinifanya nianze kuuliza na kusoma: herufi ile iliwekwa na nani, lini, na kwa kipimo gani? Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo, kwa kuwa naamini majumba yetu mengi yanategemea alama hizi bila ya kujua zilivyo.

Filamu yenyewe inaitwa Watership Down, iliyotolewa mwaka 1978 kutokana na riwaya ya Richard Adams. Ndani yake mna sungura anayeota shamba lililofunikwa na damu, mna mwingine anayekabwa na mtego wa waya hadi povu la damu likamtoka, na mna vita vya meno na kucha. Wakaguzi wa Uingereza waliipa U, yaani inamfaa kila mtu, kwa hoja kwamba michoro hupunguza ukali wa damu, na kwamba hadithi ikisha mtoto hatabaki na jambo zito moyoni. Tangu hapo wazazi wa huko hawakuacha kulalamika. Mwaka 2016 kituo kimoja cha televisheni cha Uingereza kiliionyesha mchana wa Jumapili ya Pasaka, kukazuka makelele makubwa. Hatimaye, mwaka 2022, bodi ile ile iliipandisha hadi PG, yaani mzazi na aangalie kwanza. Alama iliyonidanganya ilisahihishwa na walioiweka wenyewe, baada ya miaka 44. Watoto wangapi walijificha nyuma ya mlango katika miaka hiyo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

ALAMA HIZI ZILITOKA WAPI

Asili yake ni moto. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa kitu kinachoshika moto upesi mno, na Uingereza ikatunga sheria mwaka 1909 ya kuwapa mabaraza ya miji uwezo wa kutoa leseni kwa majumba ya sinema, ili watu wasiteketee. Mabaraza yalipopata leseni mkononi, yakaanza pia kuamua picha ipi ionyeshwe na ipi izuiwe, kila mji kwa rai yake. Wenye biashara wakahofia hasara. Mwaka 1912 wakaunda bodi yao ya ukaguzi, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1913. Basi tangu mwanzo chombo hiki hakikuwa cha wanazuoni wala cha walezi. Kilikuwa sulhu baina ya biashara na serikali za miji.

Alama zilikuwa mbili tu: U kwa kila mtu, na A kwa picha zilizowaelekea watu wazima. Baadaye mabaraza yakaweka sharti kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 asiingie kwenye A ila awe na mzazi au mlezi. Matokeo yake? Watoto wa Kiingereza wakazoea kusimama mlangoni mwa sinema wakiwaomba wapita njia wawaingize. Sharti lililokusudiwa kumlinda mtoto likamtia mkononi mwa mtu asiyemjua.

Mwaka 1932 ikaja H, kwa picha za kutisha. Mwaka 1951 ikaja X, iliyowazuia walio chini ya miaka 16. Mwaka 1970 X ile ile ikapandishwa hadi miaka 18, na chini yake ikawekwa AA kwa wenye miaka 14 na zaidi. Mwaka 1982 mfumo wote ukabadilishwa ukawa U, PG, 15 na 18. Daraja la 12 liliongezwa mwaka 1989, na mwaka 2002 ikaja 12A, inayomruhusu mtoto wa chini ya miaka 12 kuingia sinema akiwa na mtu mzima.

Marekani ilipita njia nyingine. Kuanzia mwaka 1934 watengenezaji wa Hollywood walifungwa na kanuni moja kali isiyotaja umri kabisa: filamu ama imefaa kwa wote ama haikufaa. Kanuni ile ilipodhoofika, tarehe 1 Novemba 1968 wakaanza kutumia herufi: G kwa wote, M kwa waliokomaa, R kwa kijana aliyefuatana na mzazi, na X kwa watu wazima. M ikageuzwa GP mwaka 1970, kisha PG mwaka 1972. Mwaka 1984, baada ya wazazi kukasirishwa na filamu mbili zilizopewa PG, yaani Gremlins na ile ya pili ya Indiana Jones, ikaongezwa PG-13. Mwaka 1990 X ikaondolewa, ikawekwa NC-17.

Msomaji akizifuata tarehe hizi ataliona jambo la kwanza la kushika: herufi ile ile haikuwa na maana ile ile kila mwaka. X ya mwaka 1951 si X ya mwaka 1970. PG ya Marekani ya kabla ya mwaka 1984 ilibeba mambo ambayo leo yangepewa PG-13. Filamu ya papa iitwayo Jaws, ya mwaka 1975, ina miguu iliyokatwa na mtoto anayeliwa baharini, na Marekani iliipa PG. Mama anayesoma PG hiyo leo kana kwamba imeandikwa jana anapima kitambaa kwa pima ya duka jingine.

ZILIZOSHUKA NA ZILIZOPANDA

Picha nyingi za kale zimeteremka daraja. Hadithi ya binti mfalme na vibeti saba, Snow White and the Seven Dwarfs, ilipofika Uingereza mwaka 1938 ilipewa A, kwa kuwa wakaguzi waliona yule mchawi na ule msitu wa giza vitawatisha watoto. Leo ni U. Frankenstein ya mwaka 1931, ambayo pamoja na wenzake ndiyo iliyosababisha kuwekwa alama ya H, sasa ni PG. Dracula ya mwaka 1958 ilikuwa X, leo mtoto wa miaka 12 anaruhusiwa. Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, ilikuwa X na ikakatwa vipande, leo ni 15.

Nyingine hazikuzuiwa kwa sababu ya watoto, bali kwa sababu ya hofu ya watawala. Filamu ya Kirusi Battleship Potemkin, inayohusu mabaharia walioasi kwa sababu ya nyama yenye funza, ilikataliwa Uingereza mwaka 1926 kwa kuhofia kwamba wafanyakazi wataiga. Ilipata X mwaka 1954, na sasa ni PG. The Wild One, ya vijana wa pikipiki, ilikataliwa mwaka 1954, ikapewa X mwaka 1967, na leo nayo ni PG. Kilichokuwa hatari kwa dola jana kimekuwa kitu cha kutazamwa na familia baada ya chakula cha usiku.

Marekani ina mfano wa ajabu zaidi. Midnight Cowboy ilitolewa mwaka 1969 ikiwa na X, ikatunukiwa tuzo ya filamu bora ya mwaka, na mwaka 1971 ikapewa R bila ya kukatwa hata kipande kimoja. Filamu haikubadilika. Waliobadilika ni watu.

Lakini asidhani mtu kwamba mambo yote yanakwenda upande mmoja wa kulegeza. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba dunia inazidi kuharibika tu, na kila mwaka unaacha wazi zaidi kuliko wa jana. Hapa insafu inatutaka tuseme kweli: katika baadhi ya mambo, Waingereza wa leo ni wakali kuliko babu zao. Jaws iliporudishwa sinema mwaka 2012 ilitolewa kwenye PG ikawekwa 12A. Mwaka 2020, The Empire Strikes Back ilitoka U ikawa PG, na Flash Gordon ya mwaka 1980 ikapandishwa 12A, kwa sababu mojawapo ya namna ilivyowachora watu wa Mashariki kwa dharau.

Mfano unaotugusa sisi Waafrika zaidi ni Mary Poppins, filamu ya nyimbo na furaha ya mwaka 1964, ambayo vizazi vya watoto wameitazama ikiwa na U. Mwezi wa Februari mwaka 2024 ilipandishwa hadi PG. Kwa nini? Ndani yake mna mzee mmoja, baharia mstaafu, anayetamka mara mbili neno ambalo walowezi waliwabandika Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, jina la kuwadunisha. Mara moja analitumia kwa wafagiaji wa mabomba ya moshi, nyuso zao zikiwa nyeusi kwa masizi. Bodi ilisema inahofia kwamba mtoto atalisikia neno hilo likamuumiza, au atalirudia bila ya kujua kwamba ni tusi. Miaka sitini neno lile lilipita masikioni mwa wakaguzi wala halikuwawasha.

Na zingatieni hili: daraja jipya la Mary Poppins lilihusu nakala iliyorudishwa sinema. Nakala za nyumbani zilibaki na U yao ya zamani. Kwa hakika ndivyo mfumo ulivyo. Bodi haikai ikizipitia filamu zote za kale moja baada ya moja. Husubiri mwenye filamu ailete tena anapotaka kuitoa upya. Diski iliyokwisha kuuzwa haibadilishi jalada lake. Ndiyo maana kabati za nyumba zetu zimejaa hukumu za watu waliokwisha kufa.

KWA NINI KIPIMO HUBADILIKA

Waliosoma madrasa wanaijua kanuni ya wanazuoni wetu kwamba ada huhukumu, na kwamba hukumu iliyojengwa juu ya ada hubadilika ada inapobadilika, ilhali hukumu iliyojengwa juu ya nassi haibadiliki kwa kupita zama. Kanuni hii ndiyo taa bora ya kuziangalia alama za sinema.

Alama ya umri yote ni ada. Bodi ya Uingereza yenyewe haifichi jambo hili. Kila baada ya miaka minne au mitano huandika upya miongozo yake baada ya kuwauliza watu, na kwa miongozo ya mwaka 2024 iliwauliza watu wapatao 12,000. Wakisema tumechoka na vitisho, vitisho hupandishwa daraja. Wakisema bangi haitushtui tena kama zamani, bangi hulegezwa. Silaumu. Kwao hiyo ni haki, na kumuuliza mzazi ni bora kuliko kumpuuza. Lakini tujue kwamba katika hao 12,000 hakuulizwa mama wa Kisauni, wala baba wa Lamu, wala bibi wa Vanga. Herufi ile ni wastani wa haya ya watu wengine.

Kwa hiyo sisi tuna mizani mbili. Moja ni yale ambayo dini yetu imekwisha kuyabainisha: uchi, zinaa iliyopambwa, ulevi uliofanywa kuwa mchezo, kuwadharau wazazi na kuwakebehi Mitume. Haya hayasubiri kura ya mwaka wowote. Ya pili ni yale yanayotegemea umri, tabia na moyo wa mtoto: kutisha, huzuni, vita, kifo. Humo ndimo mtu anamotakiwa kutumia akili, na humo alama ya wenzetu inaweza kutusaidia kama shahidi, si kama kadhi.

KWETU PWANI

Tusidhani kwamba mambo haya yameanza na simu za mkononi. Wazee wa Mombasa wanayakumbuka majumba kama Regal, Naaz na Majestic. Filamu za Kihindi ndizo zilizotawala. Mama zetu walikuwa na maonyesho yao, wanawake watupu, wakienda kwa mabuibui yao na vitoto mikononi, wakirudi macho mekundu kwa kilio. Mother India ya mwaka 1957 iliwaliza watu wasiojua neno moja la Kihindi.

India nayo ilikuwa na wakaguzi wake. Sheria yao ya mwaka 1952 iliweka U na A. Mwaka 1983 ikaongezwa UA, ya mtoto aliye na mzazi, na siku hizi UA imegawanywa kwa miaka 7, 13 na 16. Na mkono wa mkaguzi uliweza kugeuza hadithi. Katika Sholay ya mwaka 1975, mtengenezaji alikuwa amepiga mwisho ambamo yule Thakur aliyekatwa mikono anamuua jambazi Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wakakataa, kwa kuwa haifai raia kujichukulia sheria mkononi. Ikapigwa upya, polisi wakaingia wakamkamata Gabbar akiwa hai. Kwa hiyo hata kisa ambacho mtu anadhani anakijua kwa moyo, huenda alichokiona ni kile alichoruhusiwa kukiona.

Katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, mkaguzi hakuuliza umri peke yake. Aliuliza na rangi. Zilikuwapo filamu ambazo Mzungu aliruhusiwa kuzitazama na Mwafrika akazuiwa, hata akiwa mzee wa ndevu nyeupe, kwa hofu kwamba akimwona Mzungu akiiba au akipigwa, heshima ya mtawala itapungua. Mtu mzima mweusi alihesabiwa mtoto asiyekua. Nayataja haya si kwa kufukua makaburi, bali tukumbuke kwamba kila alama inabeba nia ya aliyeiweka.

Leo nchi yetu ina Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Madaraja yake ni manne: GE kwa watu wote, PG kwa mwongozo wa mzazi, 16, na 18. Tazameni nafasi iliyopo baina ya PG na 16. Daraja la 12 au 15 la Uingereza halina ndugu wake kamili hapa kwetu. Mama anayepishana na GE, na U ya London, na PG-13 ya Marekani, na UA ya India katika jioni moja juu ya skrini moja, anasoma lugha nne kwa wakati mmoja, na kila moja ina kamusi yake.

YALE AMBAYO ALAMA HAIYASEMI

Jambo zito zaidi ni hili: hata alama mpya, sahihi, iliyowekwa mwaka huu, inapima baadhi ya mambo tu. Inahesabu damu, matusi, uchi, dawa za kulevya. Haipimi kila sumu.

Chukueni Aladdin ya mwaka 1992. Marekani waliipa G, ya watu wote. Wimbo wake wa kwanza uliieleza nchi ya Waarabu kuwa ni mahali ambapo mtu hukatwa sikio kwa sababu tu uso wake haukupendeza. Waarabu wa Marekani walilalamika, na katika kanda za video za mwaka 1993 maneno hayo yakabadilishwa, ingawa neno la ushenzi lilibaki. Herufi G haikumwonya mama wa Kiislamu kwamba mwanawe atafundishwa kuwacheka watu waliovaa kilemba kama babu yake. Gone with the Wind ya mwaka 1939, inayopamba maisha ya mabwana wa watumwa, nayo ina G Marekani. Ilibidi ifike mwaka 2020 ndipo huduma moja kubwa ya huko ikaiondoa kwa muda na kuirudisha na maelezo ya kuwazindua watazamaji.

Na mfano wa upande wetu: filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, Ar-Risala, ambayo wengi tuliitazama kwenye kanda za video siku za Idi. Marekani iliipa PG kama filamu nyingine yoyote ya vita. Lakini mas'ala yaliyowashughulisha wanazuoni, kama vile kuwaigiza Masahaba, hayakuwa na nafasi katika herufi hizo. Mtengenezaji alijihadhari asimwonyeshe Mtume (S.A.W.) wala asiisikilizishe sauti yake, na juu ya hayo wanazuoni walikhitalifiana. Hakuna bodi ya London wala ya Hollywood itakayotujibia swali kama hilo.

BASI TUFANYE NINI

Sisemi tuvunje televisheni. Nimewaona waliovunja ya sebuleni, na watoto wao wakatazama ya jirani. Wala sisemi tuzidharau alama. Filamu iliyoandikwa 18 na watu waliolegeza mambo mengi, mimi siihitaji ushahidi mwingine. Alama ya juu iaminini. Alama ya chini ndiyo ya kuchunguzwa.

Kwanza, tazameni mwaka na nchi ya alama, si herufi peke yake. U ya mwaka 1978 na G ya mwaka 1968 ni barua za zamani. Pili, someni mstari mdogo ulio kando ya herufi, unaotaja kilichomo: vitisho, lugha mbaya, ubaguzi. Mstari ule una faida kuliko herufi yenyewe, na asiyejua Kiingereza amwombe mwanawe mkubwa amsomee. Tatu, kwenye huduma za mtandaoni fungueni ukurasa wa mtoto peke yake na mwekeeni nambari ya siri. Kuanzia mwaka 2021 Disney imeziondoa filamu zake kadhaa za kale, kama Dumbo na Peter Pan, kwenye kurasa za watoto wadogo, kwa sababu ya michoro ya kuwadharau watu wa kabila nyingine. Asiyefungua ukurasa wa mtoto hafaidiki na hadhari hiyo.

Nne, na hili ndilo kubwa, onjeni kwanza. Dakika ishirini za mwanzo na kumi za mwisho zinatosha kukujulisha mengi. Kisha kaeni nao. Mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake anapoona jambo la kutisha hupata pa kuliweka jambo lile. Mtoto aliyeachwa peke yake hana pa kuliweka ila moyoni. Na neno la kuudhi likitamkwa, simamisheni picha, mwulizeni: hili unalionaje? Mtoto huyo hatalirudia njiani.

Na enyi akina baba, neno hili ni lenu zaidi. Tumewaachia wake zetu ulinzi wote wa skrini, nasi tunaingia usiku kuuliza mbona mtoto ameharibika. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Hataulizwa muuza duka, wala mkaguzi wa London.

Mjukuu wangu yule sasa ni msichana mkubwa, anajua kunicheka. Mwezi uliopita alikuja na simu yake, akaniambia, "Babu, hii wameandika watu wote. Tuitazame?" Nikamwambia, "Njoo ukae hapa, mwanangu, tuionje pamoja." Alasiri nilikuwa nimekwisha kuiswali. Tulikaa hadi mwisho.

Wabillahi tawfiq.